Nukta Nyeupe Kwenye Kona ya Njia

Leo, tarehe 30 Juni, mrekebishaji mkuu wa picha wa kiwanda chetu cha uchapaji anastaafu baada ya kukitumikia kwa miaka thelathini na tatu na miezi minne. Katika muda huo kalenda thelathini na tatu zimepita mikononi mwake, na ukiondoa miaka miwili tuliyochapa maua matupu, karibu kurasa zote zilikuwa za mandhari: milima, mabonde, maziwa, mashamba na mawingu. Amechelewa kazini mara moja tu. Siku hiyo alikuwa amesimama barabarani akiutazama upinde wa mvua, na alipoingia ofisini alisema kwamba kijani kilikuwa kimezidi kidogo.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mpigapicha wa kiwanda, niandike wasifu huu wa kijitabu cha leo. Nimeambiwa usiwe mrefu, lugha iwe nzuri, na nisijitajetaje. Mawili ya kwanza nitajitahidi. La tatu halitawezekana, kwa sababu kuna mzigo ambao mstaafu wetu ameubeba kwa miaka kumi na minane kwa niaba ya mtu mwingine, na kabla keki haijakatwa lazima mwenyewe ajitokeze aupokee.

Hapa kiwandani hakuna anayemwita kwa cheo chake. Sote, pamoja na mkurugenzi ambaye kiumri ni kaka yake, tunamwita Shangazi. Jina hilo hakulipata kwa upole, ingawa upole anao. Alilipata kwa maswali yake, na nitayafikia.

Aliingia hapa akiwa binti wa miaka ishirini na sita, enzi za filamu na chumba cha giza. Walimkalisha kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, wakampa brashi nyembamba, kisu kidogo na lenzi ya kukuzia, wakamwambia kazi yake ni vumbi. Punje moja ya vumbi ikitua kwenye negativu, ile filamu iliyokwisha kuoshwa, ikishakuzwa kufikia ukubwa wa kalenda, inakuwa jiwe angani. Kwa hiyo Shangazi alishinda kutwa nzima akiwinda punje hizo na kuzifuta moja baada ya nyingine. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa mno, hata wenzake wakasema analiona vumbi kabla halijatua. Naomba wasomaji waliweke jambo hilo akilini, maana ndilo lililokuja kumponza.

Kompyuta zilipokuja, mafundi wengi wa chumba cha giza waliaga. Shangazi aliishonea ya kwake kitambaa cha maua cha kuifunika, akawa anaifunika kila jioni na kuitakia usiku mwema. Baada ya miezi mitatu alikuwa anawafundisha waliotumwa kuja kumfundisha. Tangu hapo amezika kompyuta sita. Amewafunza kazi watu tisa, wanne kati yao wamekuwa wakuu wa idara kwingine, na katika kabati lake la negativu haijapotea hata moja. Wakaguzi waliwahi kuja kulikagua kabati hilo, wakaondoka wameazima mpangilio wake.

Lakini sifa iliyomvusha mipaka ya kiwanda hiki ni namna anavyoishughulikia picha iliyomwangusha mwenye nayo. Kila mpigapicha anaijua huzuni hiyo. Umesimama mahali, kifua kimejaa, ukabonyeza. Ukifika nyumbani ukaitazama picha, mlima umenywea, anga imepauka, na katikati umekatiza waya wa umeme ambao unaweza kuapa kwamba haukuwepo. Unawaonyesha watu, wanasema nzuri, kwa midomo tu.

Ukimpelekea Shangazi picha ya namna hiyo, hakubali kuiona kwanza. Anaigeuzia skrini ukutani, anakukalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, anakuambia ufumbe macho. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Ulisimama au ulikaa? Jua lilikuwa linakuchoma shavu gani? Ulivaa viatu gani? Ulikuwa umekula? Jicho lako lilikwenda wapi kwanza? Anauliza kama shangazi anayempeleleza mchumba wa mpwa wake, bila haraka na bila huruma, huku akiandika majibu kwa penseli nyuma ya karatasi za kalenda zilizoharibika. Aliwahi kunieleza kwamba mtu mwenye njaa hukumbuka milima mirefu zaidi, na aliyebanwa na viatu hukumbuka njia ndefu, kwa hiyo ni lazima ajue.

Akishakumaliza wewe, ndipo anaigeukia picha. Kwanza anaondoa ambavyo jicho halikuviona: waya, nguzo, mfuko wa plastiki kwenye mwiba. Pili anaunyanyua mlima kidogo, kama kimo cha ukucha, kwa sababu lenzi huvisukuma mbali vitu ambavyo moyo unavivuta karibu. Rangi ni mwisho kabisa, na chache. Wanafunzi wanaoanza na rangi huambiwa kwamba wanaipaka picha rangi ya mdomo kabla haijanawa uso. Kuna mwaka ofisa masoko mmoja aliuliza kikaoni kama huo si uongo. Shangazi alimjibu kwamba aliyeanza kusema uongo ni kamera, yeye analeta shahidi tu. Kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Karani wetu wa mapokezi ni shahidi mzuri wa jambo hili. Yeye na mumewe walileta picha ya ziwa waliloliona wiki ile walipooana, picha ya kijivu kama maji ya kudekia. Shangazi aliwahoji kila mmoja peke yake. Mke alikumbuka ukungu, baridi na ukimya. Mume alikumbuka jua la kuunguza, jasho, na ndege waliokuwa wanapiga kelele kama wanagombania urithi. Shangazi hakuamua kesi. Alitengeneza picha mbili, na hadi leo zote zimetundikwa sebuleni kwao. Wageni huambiwa kuwa ni maziwa mawili tofauti, na ndoa yao ni salama.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mwanzo wa ukurasa.

Miaka kumi na minane iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, niliomba ukurasa wa Julai wa kalenda iliyokuwa inaandaliwa uwe wa bonde la nyumbani kwetu. Nikakubaliwa. Baba yangu wakati huo alikuwa na miaka sabini na mmoja. Nilimwambia atakuwemo. Basi alipiga pasi shati lake jeupe, akamtangazia fundi viatu, akawatangazia watu wa mashine ya kusaga, akawatangazia majirani wa pande zote mbili kwamba mwaka unaokuja wote watakuwa naye ukutani. Asubuhi ya kupiga picha nilimsimamisha kwenye kona ya njia chini ya nyumba, na fimbo yake mkono wa kulia. Mimi nikapanda kilima cha pili, upande wa ng'ambo.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Ilipokatika, bonde zima lilikuwa limeoshwa, ukungu unapanda taratibu kutoka kijitoni, na mlima wa nyuma ulionekana kama umesogea hatua moja kutujia. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja tu. Nikaipiga.

Ilipooshwa, nilitaka kulia. Mlima ulikuwa kichuguu. Ukungu ulikuwa moshi wa kuni mbichi. Waya ulipita katikati kama kawaida yake. Nikampelekea Shangazi, nikakaa kwenye kiti, nikafumba macho, nikahojiwa. Nilisimama. Buti za mpira. Shavu la kushoto. Chai kavu. Alipouliza jicho langu lilikwenda wapi kwanza, nilisema mlimani. Alipouliza kulikuwa na nini kingine, niliutaja ukungu, nikakitaja kijito, nikaitaja miti na kona ya njia, nikaongea nusu saa nzima kwa mikono na miguu.

Siku mbili baadaye aliniita akaigeuza skrini. Nilipiga kelele hata fundi wa mtambo akaja mbio akidhani nimebanwa mkono. Ilikuwa yenyewe. Ile asubuhi, ule unyevu, ule mlima uliosogea. Sijawahi kuona kazi nzuri kuliko ile. Nikasaini prufu, ile nakala ya kuidhinisha uchapaji, papo hapo, mtambo ukazunguka siku mbili.

Kalenda zilifika nyumbani kabla yangu. Baba aliitazama ya kwake akiwa na miwani, akaitazama bila miwani, kisha akaazima miwani ya jirani. Halafu akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua: “Mwanangu, mimi niko mwezi gani?” Nikamwambia Julai. Akasema Julai ameshaitazama, na kwa kuwa huenda kulitokea mabadiliko, ameitazama pia ile miezi mingine kumi na mmoja.

Nilikwenda kwa Shangazi. Alitoa negativu, akaiweka juu ya taa, akainamisha lenzi. Pale kwenye kona ya njia kulikuwa na nukta ndogo kuliko kichwa cha pini, nyeusi kwenye negativu, nyeupe pichani. Alijifunika mdomo kwa mkono. “Nimemfuta mtu,” alisema. Fundi mwingine yeyote angeiacha nukta ile kwa uvivu. Ilihitaji mtu hodari kuliko wote wa kufuta vumbi ili baba yangu atoweke.

Hakutuma barua wala salamu. Ijumaa hiyo aliomba ruhusa, akafunga kalenda sitini za mtaani kwetu zilizokuwa bado kiwandani, akachukua chupa ya wino mweupe, tukasafiri. Alikaa siku mbili kwenye meza ya baba yangu akimrudisha kwa mkono, mara sitini, kwa brashi aliyoipunguza ikabaki nywele tatu. Baba alikaa pembeni yake kama mkaguzi. Alikataa saba. Katika nne alisema amechorwa amepinda, katika mbili fimbo ilikuwa mkono wa kushoto, na katika moja alisisitiza kwamba yule si yeye, ni jirani. Zote saba zikarudiwa.

Shangazi alimwambia Baba kwamba kosa ni lake, alimdhania vumbi. Baba alicheka hadi akakohoa, na kuanzia siku hiyo wazee wenzake wanamwita Mzee Vumbi, jina analolipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Lakini wakati wa kuagana alimshika Shangazi mkono, akamwambia kwamba kazi ya mkono ni safi na ameridhika nayo, ila yeye alikuwa ameahidiwa mashine. Shangazi akamjibu: “Nitakurudisha kwa mashine, Baba, kabla sijastaafu.”

Ahadi hiyo ilikuwa rahisi kuitoa kuliko kuitimiza. Kiwanda chetu kina kanuni moja isiyopindishwa: picha ikishatoka kwenye kalenda, haitoki tena. Shangazi alitengeneza bonde upya wiki ileile tuliyorudi, kila kitu kama kilivyokuwa, na Baba mahali pake. Aliihifadhi kwa jina la “Baba amerudi”, na kila alipoletewa kompyuta mpya hiyo ndiyo iliyotangulia kuhamia. Kila mwaka, kamati ya kuchagua picha ilipokaa, aliichomeka katikati ya rundo. Kila mwaka mwenyekiti aliichomoa akisema, “Shangazi, hii tumeshaitoa.” Naye alishukuru, akairudisha kwenye bahasha. Mara kumi na nane. Na kila Desemba Baba alinipigia simu kuuliza, kwa adabu, kama mwaka unaokuja kuna nafasi.

Kwenye kiti cha plastiki nako mambo yalibadilika. Swali la kwanza si tena kama ulisimama au ulikaa. Swali la kwanza ni nani alikuwepo. Hafuti nukta yoyote kabla hajapiga simu kuiulizia. Aliwahi kunipigia nikiwa nimefungua kinywa kwa daktari wa meno, akitaka kujua kidoa cheusi kilicho juu ya shamba ni nini. Nikajitahidi kumwambia ni mwewe. Akauliza nina uhakika gani. Matokeo yake mnayajua, hata kama hamkujua chanzo chake. Zitazameni kalenda zetu za miaka hii kwa makini na mtawakuta: mama mwenye jembe pembezoni mwa mtaro, watoto wawili darajani, mtu aliyepindua baiskeli yake anatengeneza mnyororo. Wadogo mno, lakini wote wapo. Hakuna aliyefutwa tena.

Hadi hapo ndipo hadithi hii husimuliwa kantini, na watu hucheka, na Shangazi hucheka nao. Mwisho wake haujawahi kusimuliwa.

Baba, leo umekaa safu ya mbele na shati jeupe ambalo unadai ni lilelile. Naomba unisikilize. Prufu ya siku ile ninayo bado, na kwenye kona yake kuna sahihi yangu. Shangazi alifuta kitu ambacho mimi nilimwonyesha kwamba hakipo. Aliuliza kila kilichopasa kuulizwa. Nilitaja miti, Baba, na sikukutaja wewe, niliyekusimamisha pale kwa mkono wangu. Kisha nikaitazama picha isiyo na wewe, nikashangilia, nikasaini. Aliyekusahau si fundi wa picha. Ni mwanao.

Shangazi alijua hivyo tangu dakika ile alipoinama kwenye lenzi. Alipokwambia kosa ni lake nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nakunywa chai yako, na nilinyamaza. Njiani wakati wa kurudi nilimwambia nitakueleza. Alisema nikueleze nitakapokuwa tayari, bega lake halijachoka. Nimechukua miaka kumi na minane kuwa tayari. Ninaona aibu, Baba, na ninakuomba radhi mbele ya kiwanda kizima. Najua fimbo unayo. Nakuomba tu usubiri wageni waondoke.

Na wewe Shangazi, ulidhani unastaafu na deni. Naomba kila mwenye kijitabu hiki akigeuze, atazame jalada la nyuma. Fundi wa mtambo alilichapa jana asubuhi, kwa ule mtambo mkubwa, si kwa mkono. Picha ni ile ya kwako, “Baba amerudi”, hatujaigusa hata chembe. Chini yake tumepanga tarehe za mwezi wa Julai unaoanza kesho, kwa hiyo kwa kila kipimo hiyo ni kalenda. Mwenyekiti wa kamati ya picha amesaini mwenyewe. Anasema kanuni inakataza picha kurudiwa, na hii haijawahi kutoka. Iliyotoka ilikuwa na upungufu wa mtu mmoja.

Kwa miaka thelathini na tatu ya kutuhoji, kutufunza, kutukaripia kwa upole na kutubebea mizigo yetu, tunakushukuru kwa moyo wote. Mumeo ametuambia kwamba mnapanga kuzunguka mkitazama nchi bila kamera yoyote. Amekununulia viatu visivyobana, njia zikawe fupi. Kuleni kwanza kabla ya kutoka, milima isije ikarefuka kupita kiasi. Tunakuombea asubuhi nyingi zilizooshwa na mvua, zenye kila kitu mahali pake, usione cha kurekebisha.

Limebaki dogo. Kile kikao chetu cha maswali, Shangazi, naomba tukifungue kidogo, maana kuna jibu nataka kulibadilisha. Nimekaa tena kwenye kile kiti chako wiki hii, peke yangu, nikafumba macho. Nilisimama. Buti za mpira. Shavu la kushoto. Chai kavu. Na nilipofika juu ya kilima nikageuka, kabla ya mlima, kabla ya ukungu, jicho langu lilikwenda kwanza kwenye kona ya njia, kuangalia kama Baba bado amesimama. Alikuwa amesimama.